Kabla Hujalazwa Usingizi Kwenye Kiti cha Meno, Uliza Nani Ataangalia Pumzi Yako

Mimi ni daktari wa usingizi, ile kazi ambayo wengi mnaijua kama nusu kaputi, na siku hizi naulizwa maswali mengi sana kuhusu meno. Mama anapiga simu, dokta mwanangu ana miaka minne, meno sita yameoza, klinik wameniambia watamlaza pale pale kwenye kiti wamalize siku moja, we unaonaje? Namuuliza, nani atamlaza? Daktari. Daktari gani mama? Si huyo huyo wa meno. Sasa yeye akiwa ameinama anang'oa, nani anamwangalia mtoto anavyopumua? Hapo ndo hana jibu, na si kosa lake, hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni swali la kuuliza.

Tutenganishe mambo kwanza sababu yanachanganywa sana. Ganzi ni sindano ya kwenye fizi, uko macho unaongea, na kwa mtu mzima anayeng'oa jino au kuziba kawaida inatosha kabisa, kwahiyo mtu akikuharakishia usingizi kwa jino moja la kawaida muulize kwanini. Alafu ganzi nayo ina kipimo chake jamani. Kichupa kimoja cha lidokeini, dawa yenyewe ya ganzi, ya asilimia 2, kile cha mililita 1.8, kina miligramu 36, na kwa mtoto tunajizuia tusivuke miligramu 4.4 kwa kila kilo yake, sasa piga hesabu mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 66, maana yake vichupa viwili vizima tayari umezidisha. Ndo maana ukiona mtoto hajapandishwa kwenye mzani, wamemkadiria kwa macho tu, mimi hapo ningemshika mkono tukaondoka.

Baada ya ganzi kuna gesi ya kucheka, anavuta puani anatulia lakini anakusikia. Kuna dawa za kutuliza kama midazolamu, anasinzia ila ukimwita anaitika. Halafu kuna usingizi wenyewe, ketamini, propofoli, humwiti akaitika. Shida ni kwamba hakuna ukuta kati ya hizi hatua, dozi ile ile iliyomsinzisha huyu vizuri inamzamisha mwingine kabisa, na dawa nyingine zinaongeza nguvu, kwa mfano mtu anayetumia ARV zenye ritonavir, midazolamu inakaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kawaida. Kwahiyo anayekupa dawa ya kukusinzisha tu lazima awe na uwezo wa kukuokoa ukizama zaidi ya alivyopanga, na mimi sioni sifa kubwa kuliko hiyo.

Na kwenye meno kuzama ni hatari zaidi kuliko sehemu nyingine, sababu mdomo tunaugombania, daktari wa meno anafanyia kazi humo humo ninapopitishia hewa. Maji yanarushwa humo, damu ipo, vipande vya jino vipo. Mtoto akizama taya linalegea, ulimi unarudi nyuma, unasikia anakoroma. Kukoroma bado kuna hewa inapita. Kinachotutisha ni pale mkoromo unapokata ghafla huku kifua na tumbo bado vinahangaika kupanda na kushuka, mtu asiyejua anadhani katulia, kumbe njia imeziba. Anayejua ameshainua taya kabla hata mashine haijalia. Kile kidude cha kidoleni kinachosoma oksijeni kinachelewa kukuambia, pumzi inaweza kuwa imekata muda tu na namba bado inasoma 98, na kwa mtoto ikianza kushuka inashuka kama jiwe. Ndo maana kwa usingizi mzito tunataka na kipimo cha hewa anayotoa, kapnografi, hiyo inaonyesha pumzi imekata pale pale.

Sasa mtu mmoja hawezi kung'oa na kuangalia yote hayo, haijalishi ni fundi kiasi gani. Na sisemi hivi kudharau madaktari wa meno, usingizi wenyewe dunia imeupata kwao, Horace Wells na gesi ya kucheka mwaka 1844, William Morton na etha, dawa ya kuvuta, pale Boston Marekani mwaka 1846, wote wa meno. Lakini Uingereza, ambako zamani ilikuwa kawaida kulazwa kwenye kiti cha klinik, tangu mwisho wa 2001 usingizi kamili wa meno ni hospitali tu, tena yenye huduma ya wagonjwa mahututi. Kwa mtoto wa meno mengi ushauri wangu ni huo huo, nenda hospitali yenye tieta, yaani chumba cha upasuaji.

Ukiamua klinik, omba jina la atakayekulaza na uongee naye kabla ya siku yenyewe. Hapa Tanzania daktari awe kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na awe amesomea usingizi hasa, Kenya unaweza kuangalia jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza la madaktari la huko, mtandaoni. Na msiwadharau wauguzi wa usingizi, hospitali nyingi za wilaya wamezibeba wao, mimi mwanangu ningempa muuguzi anayelaza watoto kila wiki kuliko bingwa ambaye hajagusa mtoto miaka.

Muulize, utakaa chumbani mpaka aamke? Oksijeni ipo, mashine ya kunyonya mate na damu ipo, umeme ukikatika je? Mfuko wa kupumulishia wa saizi ya mtoto uko wapi, nionyeshe. Mambo yakiharibika tunakimbilia hospitali gani na kwa gari gani? Mtu wa kazi hii hakasiriki kuulizwa, anafurahi. Na yeye naye akuulize: anakoroma usiku? ana pumu, seli mundu, mafua wiki hizi mbili? amekula saa ngapi? Kabla ya kulazwa chakula kiwe kimepita masaa 6, cha mafuta masaa 8, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2, na usimwonee huruma ukampa uji kwa siri, ukipanda unaingia kwenye mapafu. Asiyekuuliza lolote kati ya haya usimpe mtoto.

Mkimaliza msiondoke mpaka awe macho kweli, anakaa bila kushikiliwa. Kwenye gari mtu mzima akae naye nyuma kichwa kisiinamie kifuani, na muwe na namba ya aliyemlaza. Ila usiku akikoroma mkoromo ambao hujawahi kuusikia, au unamwita haamki, au midomo inabadilika rangi, achana na simu, mpeleke hospitali ya karibu saa hiyo hiyo.