Ella alipomshukia Louis

Nafundisha watu kuimba, na kila mwaka hunijia wawili wawili, mara nyingi wachumba wanaotaka kuimba siku ya harusi yao. Mzozo wao ni ule ule: waimbe kwenye ufunguo wa nani, yaani wimbo uanzie juu au chini kiasi gani? Bibi harusi akistarehe, bwana anakabwa koo. Bwana akistarehe, bibi anashuka mpaka sauti inakosa nguvu. Hapo huwapigia albamu ya waimbaji wa jazi wa Marekani, Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, ya mwaka 1956, "Ella and Louis".

Nyimbo zake 11 zilirekodiwa Hollywood, tarehe 16 Agosti, siku moja tu baada ya wote wawili kupanda jukwaani Hollywood Bowl. Mtayarishaji wake, Norman Granz, alikuja kusimulia kwamba Ella alimwachia Louis achague nyimbo, kisha akaziimba kwenye funguo za Louis hata pale zisipomfaa. Wengi husema ni adabu: Louis alizaliwa 1901, Ella 1917, mdogo kampisha mkubwa. Sawa. Lakini sikiliza adabu hiyo ilifanya nini kooni.

Ella alikuwa na sauti ya karibu oktavu tatu (oktavu moja ni kutoka do hadi do inayofuata), na huko juu aling'aa bila jasho. Chini ni kwingine. Noti ya chini haisukumwi. Ukiisukuma inafifia au inakwaruza. Basi ikambidi apunguze, aache pumzi isikike kidogo, amwachie maikrofoni kazi iliyobaki. Ndiyo maana katika "April in Paris" unamsikia kama amekaa nawe meza moja.

Louis naye ana sauti ya mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ni neema. Sauti mbili laini zikikaa pamoja hugombania nafasi, sikio lisijue limfuate nani. Ya Louis ni kama gunia la katani, ya Ella kama hariri: hata wakiimba pamoja humpotezi yeyote.

Chukua "Cheek to Cheek", wimbo wa Irving Berlin wa 1935. Louis anaanza peke yake. Anaacha pigo lipite kwanza, ndipo aweke neno, na maneno mengine anayakata kwa ufupi kama anavyokata noti za tarumbeta. Kisha anaingia Ella na kuunyoosha wimbo ule ule, irabu ndefu, kila noti katikati ya mahali pake. Hamuigi Louis hata kidogo, na nampenda kwa hilo. Wanapofika kuimba pamoja, Louis hamfuati neno kwa neno. Anangoja Ella avute pumzi, ndipo anachomeka kakipande kake, kama mtu anayeitikia "ehee" kwenye hadithi nzuri. Huyo ni mpiga tarumbeta anayejua nafasi iko wapi.

Wapigaji nao walijizuia ajabu. Kwenye piano yuko Oscar Peterson, mtu wa kumwaga noti kama mvua ya masika. Hapa anadondosha matone. Buddy Rich, ambaye drams zake zingeweza kutikisa ukumbi, anapangusa tu kwa brashi. Herb Ellis yuko kwenye gitaa, na besi anapiga Ray Brown, aliyekuwa mume wa Ella mpaka 1953. Ndoa ilivunjika, lakini besi yake bado inajua Ella atakanyaga wapi.

Wiki iliyopita nilikuwa na wachumba wa Desemba. Tuliusikiliza "Cheek to Cheek" mara mbili, halafu nikamwomba binti aimbe ubeti wake chini, pole pole, bila kujikaza. Mchumba wake, aliyezoea kumrukia kila mstari, alinyamaza mpaka mwisho wa mstari wa tatu, akatia neno moja tu. Binti akageuka kumtazama, akasahau mstari wa nne.