Mtoto mwenye kasoro ya pafu ya kuzaliwa nayo apasuliwe lini?

Mzazi anayefika kwangu na karatasi ya ultrasaundi ya wiki ya 20, iliyoandikwa kwamba mtoto aliye tumboni ana vifuko kwenye pafu, huanza kwa kuuliza kama mtoto huyo ataishi. Mara nyingi namjibu bila wasiwasi mkubwa, kwa sababu wengi wa watoto hao huzaliwa wakilia vizuri na kunyonya bila shida. Swali linalofuata, la apasuliwe lini, ndilo gumu, na sisi madaktari wa upasuaji wa watoto bado hatujaafikiana jibu lake.

Wapo watoto ambao kwao hakuna mjadala. Mtoto mchanga anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, ambaye mbavu zake zinabonyea kila anapovuta hewa na anayeachia ziwa kila mara ili apate pumzi, hafai kusubirishwa. Baadhi yao wana lobu iliyofura, yaani sehemu moja ya pafu, hasa ya juu kushoto, inayoingiza hewa na kushindwa kuitoa. Kwenye eksirei upande huo huonekana mweusi na moyo umesukumwa upande wa pili, hata daktari asiyeizoea hali hii akadhani kwamba hewa imevuja nje ya pafu, akaingiza mpira kifuani na kuharibu zaidi. Mashine ya kupumulia nayo inaweza kuongeza hewa iliyonaswa. Ndiyo maana hupenda niwe nimeshanawa na kuvaa glavu kabla mtoto hajapewa dawa ya usingizi. Kifua kinapofunguliwa, lobu hiyo huchomoza yenyewe nje ya kidonda, imepauka, na ukiibonyeza kwa kidole hainywei. Ikishatolewa, pafu lililokuwa limebanwa chini yake hutanuka mbele ya macho yetu.

Mjadala wenyewe unamhusu mtoto asiye na dalili yoyote. Huyu huwa na vifuko ndani ya lobu moja, au ana kipande cha pafu kisichoungana na njia ya kawaida ya hewa na kinachopata damu moja kwa moja kutoka kwenye aorta, mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni. Wanaotaka apasuliwe mapema wana hoja tatu. Ya kwanza ni maambukizi: usaha ukishaingia kwenye vifuko, tezi hugandamana na mishipa ya damu, na upasuaji ambao ungefanyika kwa matundu madogo na kamera huishia kuwa wa kufungua kifua, wenye damu nyingi zaidi. Ya pili ni saratani adimu ya pafu la utotoni, inayohusishwa na kasoro ya jeni iitwayo DICER1, ambayo kwenye picha inaweza kufanana kabisa na vifuko visivyo na madhara. Ya tatu ni kwamba vifuko vidogo vya hewa vya pafu huongezeka kwa kasi katika miaka 2 hadi 3 ya mwanzo, hivyo aliyepasuliwa mapema hupata nafasi ya kufidia kilichoondolewa. Hoja hii ya mwisho huvutia sana wazazi, lakini mimi siipi uzito mkubwa, kwa kuwa vipimo vya upumuaji vya watoto hao wakishakua havijaonyesha tofauti iliyo wazi kati ya waliowahi na waliochelewa.

Kwa upande mwingine, mtoto wa wiki chache hana sababu ya kukimbizwa. Dawa ya usingizi ina hatari zaidi katika umri huo, na kulipumzisha pafu moja huku jingine likiendelea kupumua ni kazi ngumu kwa mtoto wa kilo 4. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu usingizi wa zaidi ya saa 3, au wa kurudiwarudiwa, kwa watoto walio chini ya miaka 3.

Kwa hiyo mtoto mzima wa afya huwa namwandikia CT scan yenye dawa ya kuonyesha mishipa ya damu akiwa na umri wa miezi 3 hivi, na upasuaji akiwa na umri wa kati ya miezi 4 na 9. Kipimo hicho sikiachi hata kama ultrasaundi za mwisho wa ujauzito zilisema uvimbe umetoweka na eksirei ni safi, kwa sababu mara nyingi bado upo. Pia hunionyesha mshipa unaotoka kwenye aorta, ambao wakati mwingine huanzia chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Ukikatwa bila kujulikana, hurudi tumboni huku ukimwaga damu mahali nisipofikia.

Wenzetu wa baadhi ya vituo vya Ulaya huwaacha watoto hawa bila kuwapasua na kuwafuatilia, nao wana hoja, maana wengi hukaa miaka bila kuugua. Lakini kufuatilia maana yake ni kwamba homa ikianza usiku, mtoto anafika asubuhi mahali penye picha na daktari anayejua historia yake. Kwa familia inayosafiri siku nzima kufika hospitali ya rufaa, naona ni afadhali kupasua. Hata hivyo, kama hakuna kitanda cha ICU ya watoto, husubiri kipatikane, hata umri wa miezi 9 ukipita.

Katika kusubiri huko, chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 isirukwe. Mama aiandike kasoro hiyo kwenye kadi ya kliniki, ili mtoto akipata homa na kikohozi asipewe dawa ya maji na kurudishwa nyumbani bila eksirei. Akiugua nimonia, tunaitibu kwanza na kusogeza upasuaji mbele kwa wiki 4 hadi 6.