Kusoma mabaki ya jeti za kwanza: ramani, udongo na panga la turbini

Jeti ya kijeshi ya miaka ya 1950 ikigonga ardhi kwa kasi na kwa pembe kali, mabawa na mkia husambaa juu, injini hujizika. Vya juu hapa kwetu havikai: aluminiamu huokotwa, huuzwa kwa kilo, huyeyushwa. Kwa hiyo anayefuatilia ndege zilizokuwa zikiruka kutoka uwanja wa kijeshi wa Eastleigh, Nairobi, kama Hunter (jeti za kivita za Uingereza) za Kikosi cha 208 zilizokuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1960, asitarajie kukuta bawa kwenye nyasi. Atakuta vipande vya ukubwa wa kiganja, na kipande kilichong'olewa bila kupimwa mahali kilipolala ni chuma chakavu tu.

Anza na karatasi. Rekodi za vikosi vya anga vya Uingereza ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, katika fungu la AIR 27. Za vituo ni AIR 28. Hapa Nairobi, Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue zina majalada ya utawala wa wilaya. Humo usitafute neno "ndege" peke yake. Tafuta pia madai ya fidia ya mazao yaliyoungua.

Kosa linalopoteza siku nyingi kuliko yote ni la ramani. Ramani za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu yako inatumia WGS84. Ukiingiza namba za ramani kwenye simu bila kuzigeuza, utafika mita 300 hivi kaskazini ya mahali penyewe, na kama 90 magharibi. Utachimba shamba la jirani siku nzima usipate hata skrubu.

Ruhusa ni ya mwenye shamba kwanza, kisha chifu, kisha Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Urithi ya 2006 huhesabu mambo ya kale kuwa yale ya kabla ya 1895, lakini hilo halikupi jeti: Uingereza huhesabu mabaki ya ndege zake za kijeshi kuwa mali yake bado. Na penye waliokufa, msimamo wangu ni mmoja: hapachimbwi. Boeing 747 ya Lufthansa iliyoanguka Embakasi tarehe 20 Novemba 1974 iliua watu 59 kati ya 157. Tunajua chanzo, vibawa vya ukingo wa mbele wa mabawa havikufunguka kwa kukosa hewa ya kuviendesha, na hakuna ambacho koleo la mpenda historia lingeongeza.

Shambani, funga kamba kwa miraba ya mita 10, tembea na kitambua metali kwa mistari ya mita 2, chomeka kijiti kila kinapolia. Usichimbe bado. Udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu na Limuru umejaa oksidi ya chuma, na mashine hulia ovyo; isawazishe upya kila rangi ya udongo inapobadilika, na upunguze ukali wake. Udongo mweusi wa Embakasi na Athi una shida nyingine: kiangazi hupasuka, vitu vidogo hutumbukia nyufani, masika hufumba. Kina cha rivati humo hakithibitishi chochote. Kina cha injini huthibitisha.

Chimba kwa mwiko, tabaka za sentimita 10, na upitishe udongo kwenye chekeche la milimita 5. Shimo likizidi mita 1.2, weka mbao za kuzuia kingo. Udongo mweusi ulioloa huporomoka bila onyo. Kama ni Vampire, jeti nyingine ya Uingereza, usisubiri chumba cha rubani. Kilikuwa cha mbao nyembamba na balsa, na mchwa humaliza vyote. Hubaki boliti na vishikizo, vikiwa bado katika mpangilio wao.

Kinachonivutia zaidi ni panga la turbini, moja ya mapanga yanayozungushwa na gesi moto ndani ya injini. Ni la Nimonic, aloi ya nikeli, na baada ya miaka 60 ardhini hung'aa ukilifuta kwa kidole. Shina lake lina meno pande zote mbili, na chini yake mara nyingi pamegongwa namba: isome kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Kisha tazama mapanga mengine yote kabla ya kuyainua. Yakiwa yamepinda yote upande mmoja, kinyume cha mzunguko, injini ilikuwa ikizunguka ilipogonga. Yakiwa yamevunjika machache tu upande ulioguswa, ilikuwa imesimama.

Risasi za Hunter, milimita 30, na fataki za kiti cha kumrusha rubani huweza kulipuka hadi leo. Ukiona, weka alama, rudi nyuma, ita polisi. Saa za dashibodi zenye rangi iliyokuwa iking'aa gizani huwa na radiamu, ambayo nusu-uhai wake ni miaka 1,600: usikwangue, usipulize vumbi lake, fungia kwenye mfuko.

Magnesiamu iliyogeuka unga mweupe iache kavu. Aluminiamu isugue kwa brashi laini bila siki wala sabuni, na uihifadhi na vifuko vya kunyonya unyevu. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu hufifia.