Maana ya tathmini, kwa wanaolinganisha programu za slaidi za simu

Kwa mara ya nne tangu mwaka huu uanze nimetumiwa andiko lenye kichwa cha "tathmini" ya programu za kutengeneza slaidi kwenye simu, na kwa mara ya nne nimelisoma hadi mwisho bila kuikuta tathmini yenyewe. Hili la mwisho limeandikwa na kijana wa hapa Mtwara anayetengeneza video za harusi na za kumbukumbu za marehemu, na kazi zake naziheshimu. Ametaja CapCut, InShot na KineMaster, akasema ya kwanza nzuri sana, ya pili rahisi, ya tatu ina mambo mengi, kisha akazigawia nyota. Sina shaka kwamba ameandika anachokiamini. Kinachonisumbua ni neno alilolipachika juu ya andiko.

Kutathmini ni kupima thamani ya kitu kwa kipimo kilichotajwa na kwa matumizi yaliyotajwa, kisha kutoa uamuzi ambao mtu mwingine anaweza kuukagua. Slaidi, kwa maana iliyozoeleka sasa kwenye simu, ni mfuatano wa picha mnato, pengine zikichanganywa na vipande vya video, zinazopita moja baada ya nyingine kwa muda uliopangwa huku muziki au maelezo yakisikika, na ambazo hatimaye hutolewa kama faili moja la video. Kwa hiyo kutathmini programu za slaidi ni kuzipima kwa kazi hiyo, na kwa simu za watu watakaoitazama.

Neno lenyewe linaanzia kwenye bei. Kiarabu kina jina "thaman", yaani bei au thamani, na kinapotaka kuonyesha kwamba mtu anakitia kitu katika hali fulani, huikaza herufi ya kati ya mzizi, kisha kikaunda jina la kitendo hicho kwa kuweka "ta" mwanzoni na "i" ndefu kabla ya herufi ya mwisho. Ndivyo tulivyopata tafsiri, ndivyo tulivyopata tahariri, na ndivyo tulivyopata tathmini, ambayo maana yake ya asili ni kukitia kitu bei. (Herufi hizo hizo za mzizi zimo pia katika themanini na thumuni, lakini hizo ni za upande wa nane na sehemu ya nane, na hazihusiani na hoja yangu.) Kiswahili hakikuridhika na neno moja. Kilichukua thamani, kikachukua kitenzi thamini, kikachukua na tathmini iliyokuwa jina, kisha kikaifanya nayo kuwa kitenzi, na leo tunasema "nimeitathmini" bila kusita.

Tangu hapo maneno mawili ya ukoo mmoja yameshika njia mbili. Kuthamini kumeelekea moyoni: mume anamthamini mkewe, kijiji kinamthamini mwalimu wake, na anayesema hivyo haulizwi amepimaje. Kutathmini kumebaki kwenye mizani. Anayesema ametathmini lazima aulizwe amepima nini, kwa kipimo gani, na kwa ajili ya nani. Maandiko yote manne niliyotumiwa yalikuwa ya kuthamini. Waandishi wanazipenda programu zao na wana haki ya kuzipenda, ila wameyaita mapenzi hayo kwa jina la kazi nyingine.

Sisi wa mikoa ya kusini hatuna kisingizio cha kutoijua tofauti hii, kwa sababu tumemwona mthamini akifanya kazi. Jina lake limetoka kwenye kuthamini kwa maana yake kongwe, ile ya kutia bei, kabla neno halijahamia moyoni. Wakazi wa Likong'o, pale Lindi, ambako ardhi ilitwaliwa kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi asilia, wanamkumbuka. Mthamini akifika shambani hasemi kwamba shamba linapendeza, hata kama linapendeza kweli. Anahesabu mikorosho, anatenganisha iliyokomaa na michanga, anahesabu minazi, anapima nyumba, anaandika zimejengwa kwa tofali au kwa udongo, na kila anachoandika kinabaki kwenye fomu ambayo mwenye shamba anaweza kuipinga mti kwa mti. Mkulima anaweza kuchukia kiasi kilichoandikwa, lakini anajua kimetoka wapi. Korosho zenyewe nazo hazisifiwi kwa kutazama gunia. Sampuli ya kilo moja huhesabiwa punje zake, zikakatwa kwa kisu moja baada ya nyingine, mbovu zikatengwa, na kilichopatikana ndani kikapimwa uzito. Mnunuzi anayesema "hizi nzuri" bila kukata hata moja ametoa maoni, na kwenye ghala la chama cha msingi hakuna atakayemwandikia daraja kwa maoni hayo.

Nadhani lawama kidogo ziende maofisini. Miradi mingi imetuzoesha maneno "ufuatiliaji na tathmini", mpaka watu wengi wakaielewa tathmini kuwa ni karatasi inayojazwa mwisho wa kazi, yenye visanduku vya kuweka alama ya vema. Kutoka hapo hadi kwenye nyota tano ni hatua fupi. Lakini hata katika miradi hiyo neno halikusudiwi kuwa karatasi, kwani anayefanya tathmini hurejea lengo lililoandikwa mwanzoni na kuuliza kama limefikiwa. Pasipo lengo lililoandikwa, karatasi hiyo haina cha kutathmini.

Kuna pia kukadiria na kupima, ambavyo havipaswi kumezwa. Kukadiria ni kukisia kiasi kabla ya kupima. Kupima ni kupata kiasi chenyewe. Kutathmini ni kusema kiasi hicho kina maana gani kwa anayekihitaji. Mtu akisema programu fulani hutoa faili la megabaiti 180 kwa slaidi ya dakika tatu, amepima. Akisema kwamba faili hilo halimfai shangazi aliyeko Nanyamba, ambaye simu yake ina nafasi ndogo na bando lake ni la kuunga, hapo ndipo ameanza kutathmini.

Hesabu ya megabaiti hizo inafaa kuelezwa, kwa sababu maandiko yale hayakuigusa. Ukubwa wa faili la video hutokana na biti, yaani chembe ndogo kabisa za taarifa, zinazotumika kila sekunde, zikizidishwa kwa idadi ya sekunde. Programu ikitumia megabiti 8 kwa sekunde, slaidi ya sekunde 180 itakuwa na megabiti 1,440, na kwa kuwa biti nane hufanya baiti moja, hizo ni megabaiti 180. Ikikubali kushushwa hadi megabiti 1 kwa sekunde, slaidi ile ile inakuwa megabaiti 22.5. Picha mnato zisizocheza sana huvumilia kushushwa kuliko video ya ngoma, maana sehemu kubwa ya fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo wa video, hairudiwi kuandikwa upya. Basi swali la haki kwa programu ya slaidi ni kama inamruhusu mtumiaji kushusha kiwango hicho mwenyewe, na kama nyuso bado zinatambulika akishakishusha. Swali hilo halijibiwi kwa nyota.

Mfano wa pili niliushuhudia kwa macho yangu. Picha ya harusi ya Mikindani ilikuwa na watu kumi na wawili wamesimama mstari mmoja, imepigwa kwa kulala, upana wa nne kwa urefu wa tatu. Simu hushikwa wima, na kioo chake kwa slaidi za siku hizi huhesabiwa kuwa upana wa tisa kwa urefu wa kumi na sita. Programu ina njia mbili za wazi. Ikiionyesha picha nzima, picha inachukua karibu asilimia 42 tu ya kioo, na sehemu iliyobaki inakuwa nyeusi au ukungu. Ikikijaza kioo, inabakiza asilimia hiyo hiyo 42 ya picha, na zaidi ya nusu inakatwa pembeni. Programu iliyotumika siku ile ilichagua kujaza bila kuuliza. Kati ya watu kumi na wawili walibaki watano, bwana na bibi harusi wakiwa katikati, na mama mkubwa aliyesimama mwisho wa mstari hakubaki hata bega wala pindo la kanga. Aliitazama slaidi mara mbili akijitafuta. Mtengenezaji alikuwa ameisifu programu ile kwa kuwa "inapanga picha yenyewe", na ni kweli iliipanga.

Jambo jingine ni jina la faili, ambalo nalo hudanganya. Wengi huandika kwamba programu "inatoa MP4, kwa hiyo itafunguka kila simu". MP4 ni kasha tu. Ndani ya kasha picha zimebanwa kwa njia fulani, na njia hizo hazifanani: H.264, ya mwaka 2003, inafunguka karibu kila simu janja, ilhali H.265, ya mwaka 2013, hubana zaidi lakini simu nyingine za bei ya chini hushindwa kuifungua, na mtazamaji akasikia muziki huku kioo kikiwa cheusi. Anayepima kwenye simu yake mpya peke yake hataliona tatizo hili kamwe. Ndiyo maana simu ya kupimia inapaswa kuwa ya mtazamaji wa mwisho, hata kama ni ya zamani na kioo chake kina ufa.

Neno "bora" nalo, linaloambatana na tathmini hizi kila mara, lina deni la namna hiyo hiyo. Kitu huwa bora kuliko kingine na kwa jambo fulani. Programu iliyo bora kwa kijana anayerusha vipande vya sekunde kumi na tano mtandaoni yaweza kuwa dhaifu kabisa kwa slaidi ya kumbukumbu yenye picha themanini za zamani, zilizopigwa tena kwa simu kutoka kwenye albamu, ambazo zinahitaji kukaa sekunde tano kila moja ili wazee wapate muda wa kuwataja waliomo.

Nimemwandikia kijana yule, na sikumwambia kwamba amekosea kuzipenda programu zake. Nimemwomba abadilishe kichwa tu, aandike "Programu tatu ninazozipenda", na andiko lote litakuwa sahihi kuanzia mstari wa kwanza. Akitaka kukiacha kichwa kilivyo, basi achukue picha arobaini zile zile, sauti ile ile na muda ule ule, azipitishe katika programu zote tatu, aandike mwanzoni ni slaidi ya nini na ni ya kutumwa kwa nani, kisha ampelekee mama mkubwa wa Mikindani mafaili matatu ayafungue kwenye simu yake mwenyewe.