Arius naye alikuwa na Biblia mkononi

Wiki hii nimeletewa tena insha inayosema kwamba Arius, kasisi wa Alexandria aliyefundisha kuwa Kristo aliumbwa na Mungu, "alipotosha Maandiko" ilhali Athanasius, askofu wa Alexandria aliyempinga, "aliyasoma kama yalivyoandikwa". Sentensi hii nimeikata kwa kalamu nyekundu hadi wino umechoka. Leo naijibu mara moja, kisha nitakuwa nawatuma watu hapa.

Fungua Mithali 8:22. Katika Biblia ya Union, Hekima anasema: "BWANA alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake." Shwari kabisa. Lakini Alexandria ya karne ya 4 ilisoma Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, na humo kitenzi ni ektisen: aliniumba. Paulo naye amemwita Kristo hekima ya Mungu (1 Wakorintho 1:24). Hesabu ya Arius ikawa nyepesi: Hekima aliumbwa, Hekima ni Kristo, basi Kristo aliumbwa. Sasa niambie, hapo aliyesoma kama ilivyoandikwa ni nani?

Kinachonikera zaidi ni hiki. Wapinzani wake wangeweza kumjibu kwamba yule Hekima ni ushairi tu, mwanamke wa mfano anayeita watu njia panda, na kesi ingeishia hapo. Athanasius hakuthubutu. Yeye na Arius walikubaliana kabisa kwamba anayesema ni Kristo, maana Justin, mwandishi Mkristo, alikuwa ameshaisoma sura hiyo hivyo tangu karne ya 2. Imani ilikuwa imeingia ndani ya aya zamani, kabla hawajaanza kugombana. Kwa hiyo msiniambie kulikuwa na upande wa "Biblia tupu" na upande wa "mafundisho".

Athanasius akatoka jasho. Sehemu kubwa ya Hotuba yake ya pili dhidi ya Waarian, yaani wafuasi wa Arius, ni aya hiyo moja. Anasema "aliniumba" inahusu mwili alioutwaa kwa Maria, na "nalizaliwa" ya aya ya 25 inahusu umungu wake. Msemaji ni yuleyule, aya tatu tu zimepita, na hakuna alama yoyote katika matini kwamba mada imebadilika. Halafu, karibu na mwisho, anaongeza maelezo mengine: kilichoumbwa ni chapa ya Hekima iliyotiwa ndani ya viumbe. Nimefundisha kurasa hizo miaka mingi, na nakiri: kama nisingekuwa tayari naungama "aliyezaliwa bila kuumbwa", kama isemavyo Imani ya Nikea, sidhani zingenishawishi. Hata nashuku yale maelezo ya pili yapo kwa sababu ya kwanza hayakumtosha mwenyewe.

Na dawa ilikuwa jirani! Matini ya Kiebrania ina kana, yaani "kupata", kitenzi kilekile cha Hawa katika Mwanzo 4:1, "Nimepata mtoto mwanamume". Aliyelionyesha hilo ni Eusebius, askofu wa Kaisaria, mtu aliyeshukiwa kuwa rafiki wa Arius. Baadaye Jerome, mtafsiri wa Biblia, akaandika kwa Kilatini possedit, alinimiliki. Athanasius hoja hiyo hakuitumia; kwake Septuaginta ndiyo Maandiko.

Je, Athanasius na wenzake walikuwa wadanganyifu basi? Hapana, na hapa wenzangu wengine wananichosha kwa upande wa pili. Askofu Irenaeus, mnamo mwaka 180, alitoa mfano wa picha ya mfalme iliyotengenezwa kwa vijiwe vya thamani: mtu akavipanga upya vikawa mbweha, kisha akasema ndiye mfalme, maana vijiwe ni vilevile. Utamjuaje mfalme? Kwa kanuni ya kweli, yaani muhtasari wa imani, uliyoipokea kwenye ubatizo. Kwao kanuni hiyo ndiyo iliyofanya kusoma kuwezekane. Tatizo ni kwamba Arius naye alibatizwa.

Sasa rudi kwenye Union uitazame ile "alikuwa nami". Si kuumba, si kupata, si kumiliki. Mwanafunzi wangu aliinukuu kwenye ukurasa wake wa kwanza kama ushahidi dhidi ya Arius.