Marekebisho ya Katiba na haki zako: dhana potofu na ukweli

Kila mjadala wa kurekebisha Katiba ya 2010 unapopamba moto nchini Kenya, watu hutishwa na kuahidiwa mengi bila hata kifungu kimoja kusomwa. Haya ndiyo madai yanayorudiwa zaidi, pamoja na yale ambayo Katiba yenyewe inasema.

Dhana: Wabunge wakielewana, wanaweza kufuta haki zetu usiku mmoja.

Hawawezi. Kifungu cha 255 kinataja mambo 10 yasiyobadilishwa bila kura ya maamuzi. Haki za Sura ya 4 zimo, sawa na muhula wa Rais, uhuru wa Mahakama, kazi za Bunge na muundo wa ugatuzi. Kifungu cha 256 nacho kinataka siku 90 zipite kati ya mswada kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili. Huo ndio wakati wa kuiandikia kamati ya Bunge maoni yako. Anayengoja hadi mswada ufike Ikulu amechelewa.

Kisha zinahitajika thuluthi mbili za wabunge wote, si za waliohudhuria. Katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349, hizo ni kura 233. Katika Seneti yenye maseneta 67, ni kura 45. Kwa hesabu hiyo, mbunge asiyefika ukumbini ana uzito uleule wa aliyepinga. Mswada wa kutekeleza kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia umekwama zaidi ya mara moja kwa kukosa idadi hiyo.

Lakini jambo lisilomo katika orodha ya kifungu cha 255 linaweza kubadilishwa na Bunge peke yake. Kwa hivyo, ukiletewa mswada wowote, uliza kwanza unagusa lipi kati ya yale 10.

Dhana: Sahihi milioni 1 zikipatikana, Katiba imebadilika.

Hapo ni mwanzo tu. Chini ya kifungu cha 257, sahihi ziwe za wapigakura waliosajiliwa, na tume ya uchaguzi, IEBC, huzihakiki. Mswada ukipita hapo huenda kwa mabunge ya kaunti, yenye miezi 3 kuamua, na angalau 24 kati ya 47 yaukubali. Kisha unahitaji wingi wa wabunge katika Bunge la Taifa na katika Seneti. Moja kati ya haya mawili likiukataa, au ukiwa unagusa yale mambo 10, wananchi hupiga kura.

Safari hii imewashinda wengi, kila mmoja mahali pake. Kampeni ya Okoa Kenya ilianguka mwaka 2016 kwenye uhakiki: sahihi zilizokubaliwa hazikufika milioni 1. Kampeni ya Punguza Mizigo ilivuka uhakiki mwaka 2019, ikakataliwa na mabunge mengi ya kaunti. BBI (Building Bridges Initiative) ilivuka kaunti na Bunge, ikazimwa mahakamani, kwa kuwa Rais wa wakati huo ndiye aliyeianzisha ilhali njia hii ni ya raia. Wanaokusanya sahihi wakague fomu mapema: nambari ya kitambulisho iliyokosewa, au jina la mtu asiye kwenye daftari la wapigakura, ni sahihi iliyopotea.

Dhana: Majaji walisema kuna sehemu za Katiba zisizoweza kuguswa kabisa.

Hili linahitaji umakini. Mwaka 2021, katika kesi ya BBI, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zilisema muundo msingi wa Katiba, yaani nguzo zake kuu, unaweza kubadilishwa tu kwa hatua nne: elimu ya uraia, ushirikishaji wa umma, bunge la katiba, kisha kura ya maamuzi. Tarehe 31 Machi 2022, Mahakama ya Juu ilisema nadharia hiyo haitumiki Kenya. Sura ya 16, yenye utaratibu wa marekebisho, inatosha. Maana yake ni nzito. Hakuna kifungu, hata cha haki, kilicho nje ya uwezo wa wapigakura kukibadilisha, na ulinzi uliobaki ni utaratibu wenyewe pamoja na wewe kwenda kupiga kura.

Na kura hiyo haihitaji nusu ya waliosajiliwa wajitokeze. Inatosha asilimia 20 ya waliosajiliwa wapige kura katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24, na wingi wa kawaida kitaifa.

Dhana: Haki ikiwa kwenye Katiba, hakuna sheria inayoweza kuipunguza.

Hapa ndipo watu huumia, kwa sababu macho yote huwa kwenye kura ya maamuzi huku haki zikipunguzwa kupitia sheria za kawaida. Kifungu cha 24 kinaruhusu mipaka, kwa masharti. Lazima iwe kwa sheria, si tamko la jukwaani. Iwe ya busara na yenye sababu za haki katika jamii huru ya kidemokrasia. Sheria iliyotungwa au kurekebishwa tangu Katiba ianze kutumika sharti itaje wazi haki inayowekewa mipaka na kwa kiasi gani. Mswada ukikosa maneno hayo, una dosari unayoweza kuitaja mbele ya kamati.

Ni haki nne tu zisizopunguzwa kamwe, kwa kifungu cha 25: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na amri ya kufikishwa mahakamani kwa aliyezuiliwa. Wengi hushangaa kwamba haki ya kuishi haimo katika orodha hiyo.

Dhana: Maandamano yanahitaji kibali cha polisi.

Yanahitaji notisi. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka ipelekwe kituoni siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, ikiwa na jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, njia au uwanja, na saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Afisa anaweza kukataa iwapo kuna notisi nyingine iliyotangulia ya mahali na wakati uleule. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na urudi nayo.

Dhana: Haki hudaiwa serikalini tu, tena kwa wenye pesa.

Kifungu cha 20 kinamfunga kila mtu, kampuni na mwajiri wakiwemo. Kifungu cha 22 kinakataza ada ya kufungua kesi ya haki, na unaweza kufungua kesi kwa niaba ya mtu asiyeweza kujiendea. Kanuni za mwaka 2013 zinaruhusu hata barua ya kawaida, au maelezo ya mdomo yanayoandikwa na mahakama. Taja haki iliyovunjwa, nani aliivunja, lini, na unataka mahakama iamuru nini.