Gari Halivuti, Lakini Turbo Haijafa

Pikapu ya dizeli inapanda Kitonga na mzigo. Kona mbili tatu inazimeza vizuri, kisha ghafla nguvu zinakatika, taa ya injini inawaka, na malori yanaanza kuipita. Dereva anaegesha, anazima, anavuta pumzi, anawasha. Nguvu zimerudi. Akifika Iringa mjini anaambiwa turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kisukume hewa ndani ya injini, imekufa, atafute nyingine.

Turbo iliyovunjika shafti haiponi kwa kuzungusha ufunguo. Kompyuta ya injini iliagiza presha fulani ya hewa, sensa ikaleta habari tofauti, kompyuta ikapunguza mafuta ili kuilinda injini. Mara nyingi kizuizi hicho huondoka ukizima na kuwasha. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani ameipa turbo amri mbaya, au hewa imepotelea wapi njiani. Nimeona watu wakiuza ng'ombe kununua turbo wakati tatizo lilikuwa mpira wa urefu wa kidole, na jambo hilo linaniuma. Kauli za gereji zinazowapeleka huko ni hizi.

"Skana imetoa P0299, basi turbo ni mbovu"

P0299 ni namba ya hitilafu ambayo skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, huitoa; maana yake presha imekuwa pungufu kuliko iliyoagizwa. P0234 maana yake imezidi. Basi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotaja kifaa kilichoharibika. Presha pungufu inaweza kuletwa na mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) uliopasuka, chujio la hewa lililojaa vumbi, katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) iliyoziba, solenoidi (vali ya umeme inayoongoza turbo) iliyochoka, au mapezi ya turbo, yaani vibapa vinavyoelekeza moshi ndani yake, yaliyoganda kwa masizi.

Usiishie kwenye namba ya hitilafu. Fungua kwenye skana data inayotembea, yaani vipimo vya papo hapo, weka pamoja presha iliyoagizwa na presha iliyopatikana, kisha tafuta mlima, gia ya tatu, pedali ya mafuta hadi chini. Mwingine aendeshe, wewe utazame. Ukiona presha inachelewa kupanda na haifiki, tafuta uvujaji au mapezi yaliyobaki wazi. Ikipaa kupita iliyoagizwa ndipo nguvu zikatike, kuna kitu kimegoma kufunguka. Magari haya mawili yanalalamikiwa kwa neno lilelile, "halivuti", na tiba zake hazifanani hata kidogo.

"Sensa ya presha inasoma 83 injini ikiwa imezimwa, ibadilishwe"

Inategemea uko wapi. Sensa hii hupima hewa yote, pamoja na ile inayotuzunguka. Funguo ikiwa imewashwa na injini haijawaka, Dar es Salaam inapaswa kusoma karibu kilopaskali 101. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, itasoma karibu 83, na iko sawa kabisa. Ikisoma 101 ukiwa Mbeya, hapo ndipo uitilie shaka. Kwa sababu hiyohiyo, 190 kwenye skana ukiwa Dar si 190 za turbo. Toa 101 za anga, turbo imeongeza 89.

"Mpira ukivuja, presha hushuka"

Dhana hii ndiyo inayopoteza mafundi wengi, kwa kuwa kwa mipira mikubwa ni kweli. Kwa mipira midogo ya kuongozea turbo, inategemea turbo ni ya ukoo gani.

Subaru Forester ya turbo ina mlango unaopunguza moshi unaokwenda kwenye turbo, mafundi huuita westigeti. Mlango huo hufunguliwa na presha ya turbo yenyewe, inayopita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kikopo chenye fimbo. Mpira huo ukichomoka, kikopo hakipati habari, mlango unabaki umefungwa, na presha inapanda bila breki. Gari linaruka mbele, kisha linashtuka kana kwamba limegonga ukuta, kwa sababu kompyuta imekata mafuta.

Dizeli nyingi zenye turbo ya mapezi ni kinyume. Volkswagen TDI nyingi, kwa mfano, fimbo yake huvutwa na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa. Vakyumu ikipotea, springi inayarudisha mapezi kwenye hali ya wazi, na gari linakuwa zito kama limebeba mchanga. Ukoo wa tatu ni wa mota ya umeme, kama Toyota 1KD iliyomo ndani ya Prado. Hapo hakuna mpira wa kutafuta kwenye akchueta, yaani kifaa kinachosogeza fimbo. Unaangalia waya, plagi na mwendo wa mota.

Kwenye ukoo wa vakyumu, kipimo chake kinataka pampu ya mkono yenye geji tu. Chomoa mpira kwenye kikopo, unga pampu, vuta taratibu huku jicho liko kwenye fimbo. Fimbo inapaswa kwenda laini bila kukwama na kurudi laini ukiachia. Mshale wa geji ukianguka peke yake, kiwambo cha ndani kimetoboka. Mshale ukisimama imara na fimbo haitikisiki, mapezi yameganda au fimbo imeshika kutu. Vyote vikiwa salama, geukia solenoidi na chanzo cha vakyumu. Muulize dereva pia kama pedali ya breki imekuwa ngumu siku hizi. Kwenye dizeli nyingi, breki na turbo hunywa kisima kimoja.

"Ingekuwa imepasuka tungesikia"

Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta hakuna presha ya maana ndani ya mipira, hivyo hakuna cha kusikia. Pikapu moja ililetwa kwangu ikiwa tayari imebadilishwa turbo mara mbili. Mpira wa kutoka intakula ulionekana mzima, mweusi, safi. Tulipouvua tulikuta upande wa chini, pale unapogusana na bano ya chuma, ufa mwembamba kama wa wembe. Kwa vidole haukufunguka. Presha ilipopanda ulifunguka kama mdomo.

Tangu hapo sitoi turbo kabla ya kujaza hewa. Kata kipande cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye mpira wa kupeleka hewa kwenye turbo, ziba upande mmoja, toboa, pachika vali ya tairi la tubeless, funga kwa klempu. Jaza upepo pole pole, usizidi psi 15, na uso wako usiwe mbele ya kifuniko. Maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu halidanganyi.

"Kuna oili ndani ya paipu, turbo inavuja"

Utando mwembamba ni wa kawaida, unatokana na mvuke wa injini unaorudishwa kwenye njia ya hewa. Oili ya kumwagika kama kikombe ndiyo ya kuogopa.

"Kaza fimbo kidogo, nguvu zitarudi"

Nakusihi usifanye. Fimbo iliyokazwa inaficha uvujaji kwa kuilazimisha turbo izunguke kasi zaidi, na turbo ndogo tayari huvuka mizunguko 200,000 kwa dakika. Kwenye petroli, presha iliyozidi inafanya mafuta yalipuke vibaya na kugonga ndani ya silinda, na pistoni hupasuka.

Dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa nayo haifiki kwenye mapezi, kwa sababu mapezi yako upande wa ekzosi. Yakiganda kwa masizi, turbo inafunguliwa, nyumba zake zinawekewa alama kabla ya kutenganishwa, na skrubu inayoweka kikomo cha mwendo wa mapezi haiguswi.

"Mpira ni mpira, weka wowote"

Mpira laini wa maji ukiwekwa kwenye vakyumu hujikunja na kujifunga wenyewe injini ikipata joto. Na kwenye Subaru nyingi za turbo, ndani ya mpira mwembamba unaotoka kwenye turbo mna kidonge kidogo cha chuma chenye tundu jembamba katikati. Kinabana hewa ili solenoidi iweze kuipunguza. Mpira ukatupwa nacho, westigeti inafunguka mapema na gari linabaki na presha ndogo, sehemu zote zikiwa mpya. Kabla hujatupa mpira wa zamani, ubonyeze kwa vidole mwanzo hadi mwisho.